Nani Atasimulia Habari za Kiwanda cha Makonyo?

Wazee wetu walituachia neno moja fupi ambalo wafanya biashara wamelishika kana kwamba ni lao peke yao: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi leo twataka kulitumia neno hilo si kwa ajili ya duka wala ya sanduku la fedha, bali kwa ajili ya jengo. Maana liko jengo katika kisiwa cha Pemba ambalo kila mpita njia amelinusa kabla ya kuliona, na ambalo wachache mno wawezao kueleza asili yake. Jengo hilo ni Kiwanda cha Makonyo, pale Wawi, karibu na mji wa Chake Chake.

Muulize kijana yeyote apitaye hapo, kiwanda hiki kimetoka wapi? Atakujibu kwa adabu kwamba alikikuta. Jibu hilo si kosa lake. Sote tulikuta vitu vingi. Na mtu aliyekuta kitu hufikiri kwamba kimekuwapo siku zote, kama kilima au mto. Lakini kiwanda si kilima. Kilijengwa, tena kwa sababu. Na nyuma ya sababu hiyo wamepangana watu wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Kusudi letu leo ni kuwatafuta watu hao.

KIWANDA HAKIANZI MLANGONI

Atakaye kufukua habari za kiwanda hiki asianze Wawi. Na aanze mbali, kusini ya kisiwa, katika kijiji kama Kengeja. Wageni huijua Kengeja kwa mchezo wa ng'ombe, na watu wa elimu huijua kwa skuli yake ya ufundi. Lakini ufikapo msimu wa karafuu, Kengeja huwa na kazi nyingine. Mchana kutwa watu wako juu ya miti, nayo mikarafuu si miti ya kuchezea: ni mirefu, na tawi lake huvunjika ghafula bila ya kumpa mtu hadhari. Jioni huteremka na mizigo yao. Pishi hupimwa, na mchumaji hupata ujira wake kwa kadiri ya pishi alizochuma.

Hapo ndipo huanza kazi ya pili, ambayo watu wa mjini hawaijui. Karafuu huchumwa kwa vishada, pamoja na vikonyo vyake. Sharti zichambuliwe, tena upesi, kwani zikilala zimerundikana hupata joto na kuharibika. Basi watu hukaa duara, wengi wao wanawake na watoto, na vidole hufanya kazi katika mwangaza mdogo mpaka usiku mkubwa: karafuu upande huu, makonyo upande huu. Asubuhi vyote viwili huanikwa, na macho ya nyumba nzima huwa juu mbinguni kuangalia mvua. Kilo tatu za karafuu mbichi hutoa karibu ya kilo moja kavu. Jua huchukua zilizobaki, wala halitoi risiti.

Sasa tuyatazame hayo makonyo. Kwa mtu asiyejua, ni takataka. Ni vijiti vilivyobaki baada ya mali kuondolewa. Kumbe ndani ya vijiti hivyo mna mafuta. Kilo mia moja za makonyo makavu hutoa kilo tano au sita za mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu ambacho wataalamu hukiita yujenoli, ambacho madaktari wa meno hukitumia kutuliza maumivu, na watengenezaji wa sabuni na manukato hukihitaji kwa harufu yake. Katika zama zilizopita yujenoli hiyo hiyo ilitumiwa viwandani Ulaya na Marekani kutengenezea harufu ya vanila. Mtu wa Kengeja aliyechambua makonyo usiku hakupata kujua kwamba kijiti alichokitupa kando kitarudi siku moja dukani kikiwa dawa ya jino lake mwenyewe, tena kwa bei asiyoiweza.

Jambo hilo ndilo ufunguo wa mlango wa kiwanda chetu. Kwa miaka mingi makonyo yalitiwa katika magunia, yakapakiwa melini, yakapelekwa nchi za Ulaya na Marekani, na huko ndiko yalikotolewa mafuta. Sisi tulipeleka vijiti. Wenzetu wakabaki na mafuta, na ufundi, na faida. Baadaye kazi ya kutoa mafuta ikaanza kufanywa mjini Unguja, na makonyo ya Pemba yakawa yanavushwa bahari kuifuata mitambo. Kilipokuja kujengwa kiwanda cha Wawi, mapema katika miaka ya 1980, lilitimia neno ambalo lilikuwa la haki tangu zamani: mtambo uifuate karafuu ilipo, badala ya karafuu kuufuata mtambo.

KAZI YENYEWE INAVYOFANYWA

Yatupasa tueleze, japo kwa ufupi, jinsi kazi inavyofanywa humo ndani. Maana hatupendi kuwa miongoni mwa wale wasifuo kiwanda wasijue kinavyokwenda. Makonyo hujazwa katika mapipa makubwa ya chuma na kufunikwa barabara. Maji huchemshwa katika tanuri, na mvuke wake hupitishwa chini ya makonyo ukapanda juu ukipenya katikati yake. Mvuke huo huyachukua mafuta, na wote wawili huingia katika mabomba yaliyopozwa kwa maji baridi. Hapo mvuke hurudi kuwa maji, na mafuta hujitenga nayo.

Na hapa pana jambo la kustaajabisha. Mafuta mengi ya mimea huelea juu ya maji. Mafuta ya mchaichai, ambayo nayo hutolewa pale pale Wawi, huelea. Lakini mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, nayo huzama chini. Fundi asiyejua hilo akaja kukinga juu angemwaga mali na kubaki na maji. Ujuzi wa namna hii hauji kwa hati ya kiofisi. Huja kwa mtu aliyesimama mbele ya joto lile siku baada ya siku, akajua kwa sauti tu kwamba mvuke umezidi, na kwa harufu tu kwamba pipa limekwisha kutoa kilichokuwamo. Watu hao wako, na wengine wao wamekwisha kustaafu. Nani amekaa nao akaandika waliyoyajua?

CHINI YA MSINGI

Kama tungeweza kuchimba chini ya msingi wa jengo lile tukazikuta zama zote zilizolibeba, tungekuta tabaka juu ya tabaka, kama mtu achimbaye kisima.

Tabaka la chini kabisa ni la mtumwa. Mkarafuu si mti wa asili ya visiwa hivi. Asili yake ni visiwa vya Maluku, mashariki ya mbali. Wafaransa waliupeleka Mauritius na Bourbon katika karne ya 18, na kutoka huko ukafika Unguja mapema katika karne ya 19. Seyyid Said bin Sultan akauona kuwa ni mti wa mali, akahimiza upandwe kila mahali. Pemba haikuwa ya kwanza katika jambo hilo. Lakini mwezi wa Aprili, mwaka 1872, kimbunga kikuu kiliipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, na Pemba, iliyosalimika kwa kiasi kikubwa, ikatokea kuwa kisiwa cha karafuu. Mwaka uliofuata, 1873, Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Soko lilifungwa mchana. Lakini mashamba ya Pemba yalikuwa yanataka mikono, na watu waliendelea kuvushwa usiku kwa siri. Basi tukisema kwamba Pemba ni kisiwa cha neema, na tuseme pia ni akina nani walioipanda neema hiyo.

Tarehe 6 Aprili, 1897, ilitoka amri ya kuondoa hadhi ya utumwa. Amri ile haikumfungulia mtumwa mlango. Ilimwambia aende mwenyewe mbele ya korti akaudai uhuru wake. Na fidia ilipolipwa, ililipwa kwa bwana aliyepoteza mtumwa, wala si kwa mtumwa aliyepoteza umri wake. Hesabu za fidia hiyo ziliandikwa. Daftari lilikuwako, tofauti ni kwamba lilikuwa daftari la upande mmoja.

Tabaka la pili ni la mchumaji wa ujira na mkulima mwenye deni. Kila msimu watu walitoka Makunduchi na pande nyingine za Unguja, na wengine Bara, wakavuka kwenda karafuuni Pemba. Walilala kambini, wakachuma kwa pishi, wakarudi na walichosalimika nacho. Mwenye shamba naye hakuwa salama. Wengi waliuza karafuu zingali mtini ili walipe deni la mwaka jana, na mwaka ulipokwisha deni likawa limezaa jingine. Serikali ya Himaya, ambayo hazina yake ilisimama juu ya ushuru wa karafuu, iliona hatari. Mwaka 1927 kikaundwa Chama cha Wakulima wa Karafuu, na kwa sheria za 1934 na 1937 kikapewa nguvu kubwa juu ya ununuzi. Wafanya biashara wa Kihindi wakakataa. Na Bara Hindi, ambako ndiko kulikokuwa soko kubwa kuliko yote, wakagoma kununua karafuu za Unguja na Pemba. Magunia yakalundikana ghalani mpaka mapatano yalipofanywa mwaka 1938.

Habari za mgomo ule zimeandikwa sana. Twazijua hoja za Serikali na twazijua hoja za wafanya biashara. Vitabu vimewapa wote wawili nafasi ya kusema. Lakini mtafute katika vitabu hivyo mwanamke wa Kengeja aliyekuwa akichambua makonyo mwaka 1937, uone kama utampata. Alikula nini bei ilipoanguka? Alimkopa nani? Alijua kwamba wakuu wa Bara Hindi na wa London walikuwa wakibishana juu ya kapu lililokuwa mbele yake? Hakuulizwa, na aliyoyaona ameondoka nayo.

Tabaka la tatu ni letu wenyewe, na hapa kalamu hupenda kuteleza. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, 1964, mashamba makubwa yalitwaliwa, na tangu mwaka 1965 wananchi wakaanza kugawiwa eka tatu tatu. Mwaka 1968 likaundwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ambalo ndilo lililokuja kuwa mwenye kiwanda cha Wawi. Mtu ambaye babu yake alipanda mti kwa amri ya bwana akawa na mti wake. Hayo ni makubwa, wala hatukubali yapunguzwe.

Lakini ukweli una haki juu yetu hata unapotuchoma. Ardhi iligawiwa, mizani ilibaki mkononi mwa mwingine. Kwa miaka mingi mkulima alilazimika kumwuzia mnunuzi mmoja, naye alipata sehemu ndogo tu ya bei ambayo karafuu yake ilifanya katika soko la dunia. Skuli zilifungwa msimu ukifika ili watoto wakachume. Waliojaribu kuvusha karafuu kwa magendo kwenda Kenya walihatarisha mali, na uhuru wao, na pengine roho zao baharini. Kisha Indonesia, ambao walikuwa wakinunua karafuu zetu kwa wingi kwa ajili ya sigara zao za kretek, wakapanda mikarafuu yao hata wakajitosheleza. Katika miaka ya 1980 bei ikaporomoka, na kiwanda chetu kingali kipya. Kiwanda kilichozaliwa katika siku za matumaini kikajifunza kutembea katika siku za njaa. Si ajabu basi kwamba hakikuishia katika makonyo peke yake, bali kikatoa pia mafuta ya majani ya mkarafuu, ya mchaichai, ya mdalasini na ya mikaratusi. Maana mtambo usiopata kazi hushikwa na kutu.

Mwaka 2011 ndipo Shirika lilipopandisha malipo hata mkulima akawa anapata asilimia 80 ya bei ya soko la nje. Wako watakaosema kwamba hilo lilikuja kwa hekima ya wakubwa. Sisi twasema lilikuja pia kwa sababu mkulima wa Pemba, kwa miaka arubaini, alikuwa akisema kwa vitendo vyake kwamba bei haikuwa ya haki. Aliyeacha mti wake uote magugu alikuwa anasema. Aliyeingiza gunia mashuani usiku wa giza alikuwa anasema. Ni hotuba ambazo hazikuandikwa, lakini zilisikika.

KUTA ZISIPOSEMA

Huenda msomaji akauliza, haya yote yana faida gani leo kwa mtu anayehangaika na nauli na bei ya unga? Twajibu kwamba faida yake iko karibu sana. Mfanyakazi asiyejua historia ya mahali pake pa kazi hujiona mgeni hapo, na mgeni hadai kitu. Hushukuru tu kwa alichopewa. Lakini mfanyakazi ajuaye kwamba sakafu anayosimama juu yake imebebwa na vizazi vya watumwa, na wachumaji, na wanawake wa kuchambua, husimama kama mrithi. Mrithi huuliza hesabu, na zaidi ya hayo huitunza mali, kwa kuwa ajua iligharimu nini.

Tena muda ni mfupi. Tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu ya Beit el-Ajaib, jumba lile la Seyyid Barghash la mwaka 1883, iliporomoka mbele ya macho ya watu, na roho zikapotea. Dunia nzima ilipata habari. Lile lilikuwa jumba la kifalme, lenye picha zake na vitabu vyake na wageni wake waliolipa kuliona. Na hata hivyo lilianguka. Je, ghala la karafuu lililoezekwa bati, au sakafu ya kuanikia iliyomea nyasi, au mtambo wa zamani uliotupwa nyuma ya kiwanda, nani atalia siku vitakapouzwa kwa ratili kama chuma chakavu? Jumba la mfalme likianguka, historia yake imekwisha kuandikwa. Jengo la mfanyakazi likianguka, huanguka pamoja na daftari lake.

Kwa hiyo hatutaki kumaliza kwa kusikitika. Yapo mambo manne ambayo hayahitaji mkopo wa nje wala mtaalamu wa kuletwa kwa ndege.

Kwanza, wazee waulizwe, na waulizwe sasa. Katika kila shehia ya Pemba wako waliochuma, waliochambua, waliopima, waliopakia magunia Mkoani na Wete. Kijana mwenye simu ana chombo cha kunasa sauti ambacho wataalamu wa zamani wangekilipia fedha nyingi. Amketie bibi yake jioni moja, amwulize kwa heshima, asimkatize.

Pili, karatasi zitunzwe. Risiti ya mizani ya miaka hamsini iliyopita, kitabu cha mahudhurio, picha ya wafanyakazi waliosimama mbele ya lango: hivyo si vya kuwashia moto. Nyaraka za Taifa zipo, na Ngome ya Chake Chake ina makumbusho yake. Pishi ya mchumaji na jamvi lake vina haki ya kukaa humo kama upanga wa mtawala.

Tatu, vijana wa skuli ya ufundi ya Kengeja wapelekwe Wawi, na wasipelekwe kutalii. Waende na karatasi na rula, waichore mitambo ile kipande kwa kipande, waulize kila bomba laenda wapi na kila kipimo chasema nini. Watajifunza ufundi, na papo hapo watakuwa wameandika historia. Wengi wao mama zao ndio waliochambua makonyo yaliyoingia katika mapipa yale.

Nne, majina. Majengo yetu mengi yana jiwe la msingi, na juu ya jiwe hilo pana jina la kiongozi aliyefungua. Hatuna ugomvi na jiwe hilo. Lakini ukuta ni mpana. Yaandikwe hapo, kwa herufi za kusomeka, majina ya waliochochea tanuri, waliojaza mapipa, waliokinga mafuta, tangu siku ya kwanza. Gharama yake ni kopo la rangi.

Msafiri atokaye Kengeja, akapita Mtambile, akaelekea Chake Chake, hufikiwa na harufu ya Wawi kabla hajaona paa la kiwanda. Harufu ile ni nzuri, na wageni huisifu. Sisi tuliozaliwa katika visiwa hivi tusiishie katika kuisifu. Tuulize ni ya nani. Na tukiisha kumjua mwenyewe, tumwandike jina lake kabla jua halijatua.